Mkate umepanda tena: bei kikomo, ruzuku, bodi ya nafaka au hela mkononi?

Mfumuko wa bei ukishakolea, mjadala wa mkate hauchukui muda kugeuka ugomvi. Mmoja anataka serikali ipige marufuku kupandisha bei, basi. Mwingine anasema wekeni ruzuku kwenye unga. Wa tatu anasema serikali inunue ngano yote yenyewe, walanguzi wakae pembeni. Na wa nne, huyu mara nyingi ana shahada ya uchumi, anasema acheni soko lijiendeshe, wapeni maskini hela wakanunue wenyewe. Cha kuchekesha ni kwamba wote wanne wana nchi za kutolea mfano, na kila mmoja anaruka mifano ya mwenzake.

Nimeamua kuziweka zote nne sehemu moja na kuzipima kwa vigezo vilevile, maana ukiisoma kila moja peke yake unaona ndio hiyohiyo. Sitakuambia ipi inazishinda zote. Inategemea nchi inaagiza ngano au inalima, hazina ina kitu au imekauka, na mfumuko ni wa asilimia 15 kwa mwaka au 15 kwa mwezi, hizo ni dunia mbili tofauti kabisa.

Kwanza, ni ngano au ni sarafu?

Mkate ukipanda watu wanakimbilia kusema ngano. Sawa, ngano imo, ila ndani ya bei ya mkate kuna pia kusaga, hamira, sukari, mafuta, kuni au gesi au umeme wa tanuri, mishahara, pango, gari la kusambaza alfajiri, hadi ule mfuko wa plastiki. Mfumuko mkubwa unavipandisha vyote, tena kwa zamu, leo dizeli, wiki ijayo hamira, mwezi ujao wafanyakazi nao wanadai nyongeza. Na kama ngano inatoka nje ya nchi basi juu ya vyote hivyo kuna swali moja, dola leo inauzwa ngapi.

Angalia kilichotokea 2022. Urusi ilipoivamia Ukraine mwezi Februari, na nchi hizo mbili kwa pamoja zilikuwa zinauza karibu asilimia 30 ya ngano yote inayovuka mipaka duniani, bei ikaruka kila mahali. Hiyo ilikuwa ngano. Lakini 2023 bei ya dunia ilishashuka sana na bado Misri, moja ya nchi zinazoagiza ngano nyingi kuliko zote, ilifika Septemba mwaka huo na mfumuko wa karibu asilimia 38. Hiyo sasa ilikuwa sarafu, pauni ya Misri ilikuwa imeshuka thamani. Dawa ya ngano haitibu sarafu, na hapa ndipo mabishano mengi yanapotea njia kabla hayajaanza.

Vigezo nilivyotumia

Vitano. Kasi, yaani mlaji anaona nafuu lini. Nani anabeba tofauti. Mkulima, je msimu ujao atapanda tena? Mwanya, yaani watu watapigia wapi hela. Na kutoka, ugumu wa kuiacha hiyo njia siku ukitaka kuiacha.

Cha pili ndicho ninachokipa uzito zaidi na ngoja nikieleze vizuri. Njia zote nne, hata ziitwe majina gani, zinafanya kitu kimoja: zinachukua namba moja na kuigandisha. Bei kikomo inagandisha bei anayouzia mwokaji. Ruzuku inagandisha bei anayolipa mlaji. Bodi ya nafaka, yaani shirika la serikali linalonunua nafaka, inagandisha bei anayopewa mkulima. Hela mkononi inagandisha kiasi anachotumiwa mtu kwenye simu au akaunti. Mfumuko hauna habari na hiyo namba, unaendelea kupandisha nyingine zote, na pengo linalofunguka katikati lazima mtu alibebe. Kwahiyo mtu akikuletea mpango wa mkate muulize namba ipi imeganda, itaguswa tena lini, na pengo liko mgongoni kwa nani. Akibabaika, huo mpango bado haujaiva.

Bei kikomo

Serikali inatangaza mkate wa gramu kadhaa usizidi bei fulani, atakayezidisha ni faini au kizuizini.

Kasi. Hapa haina mpinzani. Tangazo linatoka usiku, asubuhi bei ni mpya, na hazina haijatoa hata senti (ndio maana wanasiasa wanaipenda hivi). Na tusiidharau, kuna wakati inafaa kweli, mfano watu wamepaniki wanabeba mikate kumikumi, au waokaji wachache walioshika mji wamekubaliana kupandisha bila sababu. Kwenye hali kama hizo gharama haijapanda, kilichopanda ni tamaa au hofu, na kikomo kinazirudisha chini.

Nani anabeba. Mwokaji, siku hiyohiyo. Anauza leo kwa bei ya tangazo, kesho anaenda kununua unga kwa bei ya kesho. Akiba yake ikiisha anapunguza matanuri, halafu anafunga. Mfano ambao kila mtu anautaja ni Zimbabwe, Juni 2007, serikali ilipoamuru bei za madukani zikatwe karibu nusu na wafanyabiashara wakakamatwa kwa wingi. Siku za kwanza watu walijaa madukani wakanunua kila kitu, baada ya hapo rafu tupu, mkate ukawa kitu cha kutafutwa kwa kujuana. Tuwe waungwana lakini, sio kikomo kilicholeta ule mfumuko, uliletwa zaidi na kuchapa noti huku uzalishaji umeporomoka, na kufikia Julai 2008 takwimu rasmi zilisema asilimia milioni 231. Kikomo kilichofanya ni kuhamisha mkate kutoka rafuni kwenda uchochoroni.

Mkulima. Haimgusi moja kwa moja, inamfikia kwa mzunguko. Mwokaji akibanwa anambana mwenye kinu, mwenye kinu anambana mkulima au anaagiza kidogo, na mnyororo mzima unapungua.

Mwanya. Hapa ndio pana vituko. Sheria ikisema "mkate wa kawaida", mkate wa kawaida unatoweka na inatokea mikate ya zabibu, ya maziwa, yenye ufuta juu, umbo limepindwa kidogo ili isiwe ile iliyoandikwa kwenye gazeti la serikali. Ukiziba hapo wanahamia kwenye keki. Venezuela walijaribu kuziba na hapo pia, Machi 2017 waokaji waliambiwa asilimia 90 ya unga iende kwenye mkate na sio vitafunwa, na pale Caracas kuna watu walikamatwa kwa kuoka kroasanti na keki za chokoleti, matanuri mawili yakachukuliwa na serikali kwa siku 90. Mkaguzi wa umma na kalamu yake anahesabu kroasanti kwenye trei! Na unga wenyewe wakati huo ulikuwa haba kwa sababu nchi haikuwa na dola za kuagiza ngano, kitu ambacho kroasanti hazikuwa na uhusiano nacho.

Lebanon walikwenda kistaarabu zaidi, kikomo chao kilikuwa kinatembea. Mwishoni mwa Juni 2020 mfuko wa gramu 900 ulitolewa lira 1,500 ukawekwa 2,000, na baada ya hapo wizara ikawa inacheza na vyote viwili, bei na uzito, kadri lira inavyoanguka. Ila kumbuka nyuma ya pazia benki kuu ilikuwa inatoa dola za ngano kwa bei ya chini, kwahiyo ile haikuwa bei kikomo tupu, ilikuwa na ruzuku tumboni.

Kutoka. Kisheria ni karatasi moja. Kisiasa ni shughuli, maana siku ukiondoa, bei inaruka kwa mkupuo ule wote iliyokuwa imezuiliwa.

Inamfaa nani: nchi yenye mshtuko wa wiki chache, yenye wauzaji wachache wenye nguvu, na iliyo tayari kuandika tarehe ya mwisho kwenye tangazo lenyewe. Haimfai mwenye mfumuko unaoendelea.

Ruzuku ya mkate au unga

Mlaji analipa kidogo, serikali inajazia.

Kasi. Nzuri kama mfumo upo tayari, wiki kadhaa mpaka miezi kama unaanza na daftari tupu, maana lazima uamue unalipa nani, mwagizaji wa ngano, kinu, tanuri au mlaji.

Nani anabeba. Hazina, yaani mlipakodi, na kama hazina haina kitu basi benki kuu inachapa, na kuchapa ndiko kunakozidisha mfumuko uleule uliokufanya uweke ruzuku. Sio lazima ifike huko ila njia ipo na nchi zimeipita.

Misri ndio darasa la ruzuku, na inastahili tukae nayo kidogo. Mkate wa baladi, ule mviringo mwembamba, uliuzwa piasta 5 (pauni moja ya Misri ni piasta 100) tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 mpaka tarehe 31 Mei 2024. Fikiria, zaidi ya miaka 30 namba moja, sarafu imeshuka thamani mara kibao, piasta 5 iko palepale. Kilichosogea ni uzito, walipunguza mpaka 2020 ikawa gramu 90. Tarehe 1 Juni 2024 ndio wakapandisha kuwa piasta 20, mara nne kwa siku moja, na hata hapo waziri mkuu mwenyewe alisema kuutengeneza mmoja kunagharimu piasta 125. Yaani baada ya ongezeko lililotikisa nchi mlaji bado alikuwa halipi hata moja ya tano. Wanaonufaika ni watu kama milioni 70, kila mmoja mikate mitano kwa siku kwa kadi. Ukisema ni mzigo, ni mzigo. Ila ukimuuliza mama mwenye watoto wanne ambaye mwaka 2023 kila kitu kimempandia isipokuwa mkate, hatakuelewa ukimwambia hiyo sera imeshindwa, na mimi sioni kama atakuwa amekosea.

Mkulima. Inategemea unapoiweka. Ukiweka ruzuku kwenye mkate uliookwa, ngano inaweza kubaki na bei yake ya soko na mkulima haumii. Ukiweka kwa kuagiza ngano ya nje na kuiuza rahisi, umemshindanisha mkulima wako na hazina yako mwenyewe.

Mwanya. Mkubwa, ila hapa Misri wana somo ambalo halisemwi sana. Zamani tanuri lilipewa unga wa bei chee, na unga wa bei chee una miguu, gunia linatoka mlango wa nyuma kwenda kwa muuza keki kwa bei ya soko, wengine wanalisha mifugo mkate kwa sababu ni rahisi kuliko chakula cha mifugo. Kuanzia 2014 wakageuza, tanuri linanunua unga kwa bei halisi na linalipwa tofauti kwa kila mkate uliosomwa kwenye kadi ya mlaji. Magendo hayakuisha lakini kishawishi kilihama, sasa wa kudanganya lazima adanganye kadi, sio kubeba gunia tu. Kwahiyo ukiambiwa "ruzuku inaibiwa", uliza imewekwa sehemu gani ya mnyororo. Kadri inavyokaa karibu na mdomo wa mlaji ndivyo wanavyopungua wa kuimega njiani.

Tunisia nao wana ruzuku na ofisi ya nafaka inayoshikilia uagizaji wa ngano, na kiangazi cha 2023 foleni za mkate zilikuwa ndefu wakati bei ya mkate wenyewe haijaguswa. Serikali ilikuwa na tatizo la hela za kulipia shehena. Mlaji anaona bei ileile nzuri kwenye kibao, mkate hamna.

Kutoka. Ngumu kuliko zote nne. Misri walijaribu kupunguza Januari 1977, nchi ikawaka siku mbili, rais Sadat akarudisha. Tunisia mwisho wa 1983 bei ikapandishwa mara mbili, watu wakafa mitaani, Januari 1984 rais Bourguiba akafuta ongezeko hilo. Jordan 1996 bei ikapandishwa, vurugu zikaanzia mji wa Karak. Sudan Desemba 2018 mkate ulipotoka pauni 1 kwenda 3, watu wa mji wa Atbara wakatoka barabarani, na Aprili 2019 rais Bashir hakuwepo tena Ikulu. Ukiangalia nyingi kati ya hizo utaona serikali zilikuwa zimeikalia namba miaka halafu zikaamka siku moja zinairusha. Piasta moja kila mwaka ingekuwa habari ya ukurasa wa ndani.

Inamfaa nani: nchi ambayo mkate ndio chakula chenyewe kwa walio wengi, hazina bado inapumua, na kuna njia ya kuhesabu mkate mmoja mmoja. Haifai mahali ambapo mkate ni cha mjini tu na maskini wa kijijini hali mkate, hapo unamlipia mwenye nafuu kifungua kinywa.

Bodi ya nafaka na kufunga mipaka

Serikali inanunua nafaka, inahifadhi, inauzia vinu kwa bei yake, na mara nyingi inazuia wengine kununua au inazuia kuuza nje. Hizi ni vitu vitatu tofauti ambavyo watu wanavichanganya: kuwa na ghala, kuwa mnunuzi pekee, na kufunga mpaka. Unaweza kuwa na cha kwanza bila vingine viwili.

Kasi. Polepole kama huna akiba, haraka kama ghala limejaa. Bodi ya nafaka ya Uturuki, TMO, imekuwa ikiviuzia vinu ngano chini ya bei ya soko ili unga usiruke, na hiyo inaonekana ndani ya wiki. Kufunga mpaka nako ni haraka, ngano iliyokuwa inakwenda melini inabaki ndani na bei inalegea.

Nani anabeba. Mkulima, na kwa kiasi fulani hazina. Tufanye hesabu ndogo. Mfumuko ni asilimia 20 kwa mwezi. Bodi imetangaza bei nzuri tu, mkulima amepeleka magunia, amepewa stakabadhi, malipo yanatoka baada ya miezi mitatu. Kila 100 aliyoahidiwa sasa inanunua kitu cha kama 58. Hakuna aliyemwibia, karatasi zote ziko sawa, na bado amepoteza zaidi ya theluthi moja ya mavuno yake akiwa amekaa anasubiri.

Mkulima. Ndio hapo. Atafanya moja kati ya matatu: atauza kimagendo, ataficha, au mwaka ujao atapanda kitu kingine. Zimbabwe waliifanya bodi yao ya nafaka, GMB, mnunuzi pekee wa mahindi na ngano 2001, wakalegeza 2009 baada ya sarafu yao kufa, halafu 2019 mfumuko uliporudi nayo amri ya mahindi ikarudi. Argentina kuanzia 2006 walitumia vibali vya kuuza nje, juu ya kodi ya kuuza nje iliyokuwepo tayari, lengo likiwa mkate wa ndani uwe nafuu, na mwanzoni ulikuwa. Wakulima wakahama taratibu kutoka kwenye ngano kwenda soya na shayiri, mpaka msimu wa 2012/13 eneo la ngano likashuka kiasi ambacho hakikuonekana kwa karibu karne nzima, na nchi inayosifika duniani kwa kuuza ngano ikajikuta katikati ya 2013 haina ya kutosha, mkate unapaa, serikali inatumia sheria ya ugavi kuwalazimisha wenye ngano waiuze. Desemba 2015 serikali mpya ikaondoa kodi na vibali hivyo, msimu uliofuata eneo likapanda sana. Sera ilifanya kazi miaka michache na ikajila yenyewe.

India ni tofauti kidogo na inaonyesha upande wa pili. Wana shirika la chakula, FCI, linalonunua kwa bei ya chini iliyotangazwa lakini mkulima yuko huru kuuza kwingine. Mwaka 2022 joto kali likapunguza mavuno, bei ya dunia iko juu, wakulima wakawauzia wafanyabiashara binafsi, na shirika likapata tani milioni 19 hivi wakati mwaka mmoja nyuma lilinunua zaidi ya milioni 43. Tarehe 13 Mei serikali ikafunga uuzaji nje. Wakulima walilalamika, ila ile akiba ndiyo iliyoruhusu baadaye kumwaga ngano sokoni kutuliza bei ya ndani. Ghala lilisaidia. Nani alilipia ni mjadala mwingine.

Mwanya. Zabuni, uzito kwenye mizani, nafaka kuuzwa kwa rafiki kwa bei ya bodi halafu rafiki anauza kwa bei ya soko. Na akiba yenyewe inaweza kuuzwa wakati mbaya, Malawi waliuza akiba yao ya mahindi 2000 na 2001, njaa ikawakuta 2002 ghala tupu. Mtu anayetetea bodi lazima ajibu nani ana ufunguo wa ghala.

Kutoka. Wastani. Ukibaki na ghala ukaacha kuwa mnunuzi pekee, huwa haiwashi moto mitaani kama mkate. Wanaopinga ni wachache, ila wana sauti.

Inamfaa nani: nchi inayolima nafaka yake, yenye bei inayoanguka wakati wa mavuno na kuruka baadaye, na yenye uwezo wa kulipa mkulima ndani ya siku chache. Hilo la mwisho ndio mtihani wenyewe. Bodi isiyolipa haraka wakati wa mfumuko ni kodi juu ya mkulima tu.

Hela mkononi, soko huria

Bei inaachwa, familia zinapewa pesa.

Kasi. Kama orodha ipo na watu wana akaunti au simu, ni haraka. Kama orodha haipo, utatumia mwaka kubishana nani maskini.

Nani anabeba. Mpokeaji mwenyewe, na hili watetezi wake hawapendi kulisema. Iran Desemba 2010 walikata ruzuku ya nishati na mkate wakaanza kulipa rial 455,000 kila mwezi kwa kila mtu, karibu nchi nzima. Mwanzoni ilikuwa kama dola 40 na ushee kwa kichwa, familia ya watu watano vijijini hiyo ni hela ya kueleweka, umaskini ulipungua kweli. Halafu kiasi hakikuguswa. Mfumuko ukapita asilimia 30, rial ikaanguka, vikwazo vikaja, na miaka minane baadaye ilikuwa haizidi dola chache. Malipo mapya makubwa yalikuja 2022, wakati wa kukata ruzuku nyingine. Namba iliganda, mlaji akabeba.

Linganisha na Jordan. Mapema 2018 waliondoa ruzuku ya mkate, baadhi ya aina za mkate zikapanda mara mbili kabisa, na familia za kipato cha chini zikapewa fedha. Maandamano yaliyomwondoa waziri mkuu Juni mwaka huo yalichochewa zaidi na muswada wa kodi ya mapato na bei za nishati. Kwanini mkate wenyewe haukulipuka kama 1996? Sababu ni nyingi, ila mojawapo ni kwamba dinari imefungwa na dola tangu miaka ya 1990 na mfumuko ulikuwa mdogo, kwahiyo fedha iliyotolewa ilibaki na maana kwa muda.

Mkulima. Hapa ndio inang'aa, anauza kwa bei halisi, anapanda tena.

Mwanya. Majina hewa kwenye orodha. Unaonekana mapema kuliko magunia yanayopotea, na ni rahisi kuukagua.

Kutoka. Inategemea, mara nyingi mfumuko unakutolea wenyewe bila tangazo, ambayo ni njia ya aibu lakini ndiyo inayotumika zaidi.

Inamfaa nani: mahali ambapo mkate upo rafuni na tatizo ni mfuko wa mnunuzi. Kama mkate haupo, kugawa hela kunapandisha bei ya kile kidogo kilichopo.

Kuchanganya

Hakuna aliyekukataza kuchanganya. Mfano ninaoupenda ni matanuri ya umma, Istanbul wana Halk Ekmek ya manispaa tangu 1978, vibanda mjini vinauza mkate wa kawaida chini ya bei ya mitaani na matanuri binafsi yanaendelea na biashara yao. Mfumuko wa Uturuki ulipopanda, kuanzia mwisho wa 2021 hadi ukapita asilimia 85 Oktoba 2022, foleni kwenye vibanda vile zikawa picha ya kila siku. Foleni inamchuja mtu bila orodha, mwenye hela hasimami saa nzima kwenye baridi. Inamchosha mzee na mama mwenye mtoto mgongoni pia, hilo lisisahaulike.

Sasa uchague nini

Kama bei imeruka ghafla na gharama za waokaji hazijabadilika, bei kikomo ya wiki nne mpaka nane, tarehe ya mwisho ikiwa ndani ya tangazo. Ikifika siku hiyo na bado unaihitaji, ujue tatizo lako sio hilo ulilodhani.

Kama nchi inaagiza ngano, mfumuko ni wa asilimia makumi kwa mwaka, na watu wengi wanaishi kwa mkate, ruzuku inayolipwa kwa mkate uliouzwa ina nafasi nzuri kuliko ya gunia la unga. Iwekewe ratiba ya kupanda kidogokidogo tangu siku ya kwanza, ijulikane na kila mtu.

Kama mnalima wenyewe, ghala la akiba bila amri ya mnunuzi pekee, na mpaka ufungwe kwa msimu mmoja tu wa ukame kama ni lazima, sio miaka kadhaa.

Kama mkate upo na orodha ya wahitaji ipo, hela mkononi, ila kiasi kifungwe na bei ya kapu la chakula na kirekebishwe kila mwezi au kila miezi mitatu. Bila hiyo sentensi kwenye sheria, usiunge mkono.

Kama mfumuko ni wa tarakimu mbili kwa mwezi, achana na namba zote. Hapo toa kitu chenyewe, mkate au unga kwa mgao, maana kilo moja ya unga inabaki kilo moja hata noti ikiongezwa sifuri. Itanunua muda tu, kazi yenyewe iko benki kuu na hazina.

Kama wewe ni mwokaji umeitwa kwenye kikao, usiende kuomba bei, nenda ukaombe kikokotoo: unga, mafuta, mishahara, usafiri, kila kimoja na uzito wake, bei ipitiwe kila baada ya wiki mbili. Bei utakayopewa leo itakuwa imekufa kabla wino haujakauka.

Na kama ni mkulima unaambiwa uuzie bodi, kipengele cha kusoma kwanza ni tarehe ya malipo, bei soma baadaye. Dai thamani ihesabiwe siku fedha inapoingia kwenye akaunti na sio siku mizani iliposomwa. Wakikataa, dai angalau haki ya kuuza sehemu ya mavuno kwingine.